Dhahabu Niliyoigeuza Ngamia

Katika miaka ile kazi yangu ilikuwa kupika chai na anjera, mikate yetu myembamba, katika hoteli ya habaryar, mdogo wa mama yangu, karibu na soko la mifugo la Garissa. Lakini wateja wa Jumapili hawakuja kwa sababu ya anjera. Walikuja kwa sababu habaryar alikuwa na televisheni, na kwa sababu mimi nilikuwa na Kiswahili.

Televisheni ilikaa juu ya rafu, imefungwa kwa mnyororo kama mbuzi mkorofi. Wazee walikaa chini yake wakiangalia juu. Mimi nilisimama nyuma yao, kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga, nikigeuza kila kilichosemwa kuwa Kisomali. Hakuna aliyenitazama. Sauti iliwafikia kutoka kisogoni, na baada ya muda nadhani walisahau kwamba ni ya mtu.

Kiswahili changu kilikuwa cha shule ya msingi tu. Niliacha nikiwa darasa la saba, mwaka ambao mama alikufa kwa homa, na lori la mifugo alilofanyia baba kazi likapinduka na kumuua kwenye barabara ya Wajir kabla hatujamaliza eda yetu ya machozi. Walibaki wadogo zangu watatu, msichana mmoja na wavulana wawili. Mwalimu alikuja nyumbani kuuliza kwa nini siji shule. Alinikuta nafua, akatazama beseni, akaondoka bila kumaliza swali.

Baba yangu, pamoja na kazi ya lori, alibeba maneno ya watu. Mtu wa Garissa mwenye ndugu Takaba alimwendea na kumwambia, mwambie ndugu yangu hivi na hivi. Baba hakuandika. Alilibeba neno kichwani siku nne za vumbi na kulifikisha lilivyotoka, hata likiwa tusi. Alitwambia mtu anayepunguza ujumbe njiani ni mwizi, sawa na anayepunguza maziwa kwenye kibuyu cha mwenzake.

Mimi nilikuwa siwezi kufuata kanuni hiyo barabara, kwa sababu televisheni ya Nairobi ilisema mambo ambayo Kisomali cha sokoni hakikuwa na mahali pa kuyaweka. Mtu akipanda lifti, nilisema ameingia kwenye sanduku linalovutwa juu kwa kamba kama ndoo ya kisima. Mtu akifutwa kazi kwa barua, nilisema ametolewa kwenye kisima na mifugo yake haitanyweshwa tena. Hakuna aliyelalamika. Walisema, gabar yahay, ewe msichana, endelea, wewe unaonyesha kuliko hiyo televisheni.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kama lilikuwapo.

Mwaka mmoja kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara, mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Barua ilifika ikiwa imekunjwa mara nne. Ilitaja siku ya kuripoti na vitu vya kuleta: ndoo, shuka mbili, viatu vyeupe, na kitambulisho. Ndoo tulikuwa nayo. Shuka tungeazima. Kitambulisho hakuwa nacho, na asiye nacho, barua ilisema, asisafiri.

Kwetu kitambulisho hakikuombwa kama kinavyoombwa ng'ambo ya daraja la Tana, kule tunakokuita Kenya kana kwamba sisi tuko kwingine. Kwanza ulisimama mbele ya kamati ya wazee, ukataja baba, babu na babu wa babu mpaka wakusimamishe kwa mkono. Kisha mwenyekiti wa kamati alitia sahihi fomu, ikaenda kwa chifu, ikaenda kwa DO, afisa wa tarafa. Bila sahihi ya mwenyekiti chifu hakuigusa. Mdogo wangu alitaja mababu kumi na wawili bila kukwama, huku mzee mmoja akisema ana kichwa kuliko wavulana wote walioletwa siku ile. Kamati ikamkubali. Ikabaki sahihi.

Mwenyekiti huyo alikuwa mteja wetu. Alikaa mbele, kiti cha peke yake, na glasi yake ilioshwa mara mbili. Kila aliyewahi kupeleka fomu kwake aliyajua maneno yake. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akaitikisa, akaitazama ncha kwa huzuni, akasema, "Kalamu yangu ina kiu." Ukielewa, ulirudi na kitu. Usipoelewa, uliambiwa urudi kesho, mpaka uelewe. Mdogo wangu alikuwa ameambiwa mara mbili. Nilikuwa nafikiria nimpelekee mbuzi yupi kati ya wawili wetu.

Basi Jumapili hiyo, baada ya sala ya alasiri, hoteli ilijaa. Tamthilia ilikuwa ya kila wiki, na watu walikuwa wameshaizoea, lakini kipindi cha siku ile kilikuwa na jambo lisilo la kawaida. Kilicheza ile kashfa ya dhahabu ambayo magazeti yalikuwa yameiandika miaka kadhaa. Hawakutaja nchi. Hawakutaja mtu. Walisema "nchi moja" na "mheshimiwa". Lakini hata mchunga ngamia wa Diff, kule mpakani, mwenye redio ya betri alijua ni nchi gani.

"Wanauza nini hao?" aliuliza dalali mmoja wa ngamia, mzee mnene aliyependa kuuliza kabla ya wengine.

"Dhahabu, adeer," nikamjibu, kama tunavyomwita kila mzee. "Wanaipeleka ng'ambo."

"Iko wapi? Mbona wameshika karatasi tu?"

"Haipo."

"Imeshaondoka?"

"Haijawahi kuwapo, adeer. Iko kwenye hizo karatasi."

Akageuza shingo nusu. "Naa, acha utani. Tafsiri."

Ndipo nikasema, "Chukulia mtu ameenda kwa serikali. Amesema, nimepakia ngamia mia melini, nimewauza Uarabuni, nimeiletea nchi fedha za kigeni, nipeni zawadi yangu. Serikali ikampa zawadi. Na ngamia hao hawajazaliwa."

Nilisikia birika likitokota nyuma yangu.

"Subhanallah," akasema dalali. "Na walikuwa na alama gani?"

"Alama gani?"

"Ngamia wote wana alama ya moto. Huyo aliyetoa zawadi hakuuliza alama ya ukoo gani?"

"Mama zao hawajapandwa, wewe unauliza alama!" akasema mwingine, na hoteli yote ikacheka, hata mwenyekiti.

Kuanzia hapo sikurudi tena kwenye dhahabu. Mheshimiwa alipofungua kabati la mafaili, nilisema amefungua zizi. Alipopiga mhuri, nilisema anawachoma alama. Wazee walishika vichwa, walilaani, waliuliza mheshimiwa huyo ni mtoto wa nani na kwa nini wazee wa ukoo wake wamenyamaza. Sijawahi kuona watu wakielewa kitu vizuri namna ile. Niliona fahari. Nakiri.

Kisha kikaja kituko cha mama mzee. Alikuwa mjane, amekuja ofisini kwa mheshimiwa kutafuta karatasi ya shamba la marehemu mumewe. Mheshimiwa alikuwa anatia sahihi karatasi za dhahabu, moja baada ya nyingine, haraka, bila kusoma. Mama akaweka karatasi yake moja juu ya meza. Mheshimiwa akaacha kuandika. Akaiinua kalamu, akaitikisa, akasema kwa Kiswahili safi, "Mama, kalamu yangu ina kiu."

Mkalimani husikia kabla ya wenzake. Ana muda mdogo, kama wa kumeza mate, ambamo yeye peke yake anajua kitakachofuata. Katika muda huo niliona kisogo cha mwenyekiti, kofia yake nyeupe, na mabega yake yakitikisika bado kwa kicheko cha zamani. Ningeweza kusema, anamwambia arudi kesho. Lilikuwa jambo rahisi, na nilikuwa nimeshabadilisha mengi makubwa kuliko hilo. Lakini hilo halikuhitaji kugeuzwa. Kila mtu pale angelielewa lilivyo. Nikalitoa lilivyo.

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu mtu akapuliza chai puani, na hoteli ikapasuka.

"Kumbe kiu hii imefika Nairobi!"

"Ilitoka huko. Imekuja na basi!"

"Mnywesheni mzee wa watu, jamani, atakauka!"

Mwenyekiti aliweka glasi chini, akajifunika shali yake begani, akatoka. Mlangoni aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu katika hoteli ile kuiacha televisheni na kunitazama mimi.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda kuulizia fomu. Akaambiwa haionekani. Siku ya pili akaambiwa imeonekana, lakini kuna babu mmoja aliyemtaja ambaye wazee wana shaka naye. Alikwenda kwa chifu, na chifu akamwambia, wazee wakimaliza, mimi niko hapa. Siku ya tatu mjumbe akaja hotelini, akakaa, akanywa chai yetu, akasema mimi nimemtukana mzee mbele ya watu kwa kutumia televisheni. Nimetunga maneno na kuyatia kinywani mwa mtu wa Nairobi. Kuna kesi. Kikao ni baada ya siku kumi.

Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Lakini yalisemwa!" mdogo wangu alimwambia mjumbe. Siku ile alikuwa jikoni nami, anaosha glasi. "Nilisikia kwa masikio yangu."

"Wewe ni dadake," akasema mjumbe, akijifuta mdomo. "Damu haiishuhudii damu. Leteni mtu mwingine anayejua Kiswahili."

Nilidhani jambo ni dogo basi. Tungengoja Jumapili. Huenda wangerudia kipindi, kama walivyozoea kuonyesha kidogo cha wiki iliyopita kabla ya kuendelea, na mtu yeyote wa shule angesikiliza na kusema, ndiyo, ni hivyo. Habaryar alimwalika hata karani mmoja wa ofisi ya maji. Saa ikafika. Picha ikajaa punje nyeupe kama mchele, ikatulia, na kwaya ikaanza kuimba.

Tulingoja. Kwaya ikaimba wimbo wa pili.

"Wezi wetu wako wapi?" akauliza dalali.

"Si hao? Wamevaa majoho."

Kwaya iliimba saa nzima. Hata wiki zilizofuata, baada ya kikao, ilikuwa vilevile. Hakuna aliyeeleza, na tamthilia ile sikuiona tena.

Jioni ya kwaya ile ya kwanza ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu. Ni yeye aliyenifundisha Kiswahili, alikuwa mtu wa kutoka Kenya, na bado alifundisha shule ileile. Katika nyumba za walimu antena ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Nilimpelekea maziwa ya ngamia kwenye chupa, nikamkuta anasahihisha madaftari kivulini pa nyumba. Nilimsalimia. Kabla sijasema nililoendea, nikamuuliza kama bado anatazama ile tamthilia ya Jumapili.

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Uliiona ile ya dhahabu? Yule mheshimiwa! Na yule mama mjane! Mimi na mke wangu tulicheka, eti kalamu ina kiu. Mtu aliyeandika yale ana ujasiri."

Nikakaa kwenye jiwe. Nikamweleza yote: mwenyekiti, fomu, kikao, shahidi mmoja tu anayetakiwa, aseme maneno hayo hayo aliyoniambia sasa hivi.

Alichukua kalamu tena. Akasahihisha hesabu tatu, nikimtazama.

"Siku hiyo," akasema, "televisheni yangu haikushika vizuri."

"Mwalimu, umeniambia sasa hivi."

"Nimekwambia nilivyosimuliwa."

"Umesema wewe na mke wako mlicheka."

"Sikiliza, binti yangu. Kipindi kimeondolewa. Unajua maana yake? Kipindi hakiondolewi bure. Sasa mimi, mtumishi wa serikali, niende mbele ya wazee niseme nilikiona, na nilikifurahia? Kesho chifu amesikia. Keshokutwa niko wapi? Nina watoto wanasoma hapa."

"Mimi pia nina watoto wanasoma," nikasema. "Niliacha darasa lako kwa ajili yao."

Akashindwa kunitazama. Alisema maziwa ni mazuri, Mungu anibariki, na chupa atamtuma mtu airudishe. Hakuirudisha. Hata leo nikifikiria nini kiliniuma zaidi, kukana kwake au ile chupa, nachanganyikiwa. Ilikuwa chupa ya mama.

Kikao kilikaa kwenye ua wa nyuma wa msikiti, juu ya mikeka, baada ya alasiri. Wazee watano. Mwenyekiti alikaa upande wa kulia kama mlalamikaji, na mapajani mwake aliweka bahasha ya kaki. Niliitambua, ndimo ilimokuwa fomu ya mdogo wangu. Ilikuwa na doa la chai pembeni, la kwetu. Mimi, habaryar na mdogo wangu tulikaa karibu na ukuta. Wateja wetu karibu wote walikuja na kusimama uani, maana hakuna televisheni siku za kazi.

Mzee aliyeongoza alikuwa na haraka. Alitaka kumaliza kabla ya magharibi.

"Ulikuwa unatafsiri?"

"Ndiyo, adeer."

"Katika televisheni walisema dhahabu?"

"Ndiyo."

"Wewe ukasema nini?"

Nilijua tunakokwenda. "Nikasema ngamia."

"Wao walitaja ngamia mara ngapi?"

"Hawakutaja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mwenyekiti akainua mikono, taratibu, kama mtu anayeona huruma. "Wazee, mimi sina la kuongeza. Mtu aliyeweza kuingiza kundi zima la ngamia mahali pasipo na hata kwato, atashindwa kuingiza kalamu moja?"

Watu wakacheka. Ilikuwa inachekesha, kama isingekuwa kesi yangu ningecheka nami. Dalali, Mungu amlipe, alijaribu. "Ngamia ulikuwa mfano. Alisema chukulia. Mimi nilisikia, alisema chukulia."

"Na kwenye kalamu alisema chukulia?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana. Kwenye kalamu hakusema."

"Haya."

"Kwa sababu kalamu haikuwa mfano!" nikasema, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Ngamia niliwaleta mimi ili muelewe. Kalamu ililetwa na wao. Hiyo mliielewa wenyewe."

Hapo nikaona macho yakikwepana. Wote waliokuwa uani walikuwa wamecheka Jumapili ile kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imekaa mkekani na bahasha mapajani. Nilingoja mtu mmoja aulize. Swali lilikuwa pale pale: huyu mzee huwa anasema maneno hayo au hasemi? Nusu ya wanaume waliosimama waliambiwa. Mmoja alitoa kondoo. Lakini kikao kilikuwa kimekaa kuamua kama Nairobi ilisema, hakikukaa kuamua kama Garissa inasema, na hakuna aliyetaka kukisogeza. Hasira niliyokuwa nayo siku ile haikuwa juu ya mwenyekiti tena. Mwenyekiti nilimwelewa.

"Una shahidi?" akauliza kiongozi.

"Sina."

"Basi liko jambo moja. Apa. Kitabu kiko ndani. Ukiapa kwamba maneno yalisemwa, sisi hatuna la zaidi. Tutakuamini na kesi imekufa. Usipoapa, utamtaka mzee radhi mbele ya watu hawa, useme uliongeza, na utampa mbuzi."

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshatawadha. Nilijua Mungu ananijua, na kwamba nikiapa nitakuwa nimesema kweli. Nilianza kuinuka.

"Aape," akasema mwenyekiti kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. "Mimi nitaridhika. Akiapa nitachukua bahasha yangu niende nyumbani, na sitamdai kitu, wala yeye asinidai."

Kila mtu alisikia. Hakukuwa na la kutafsiri.

Nilibaki nusu nimesimama, mkono mmoja ukutani. Kulia kwangu mdogo wangu alikuwa ananivuta upindo wa dera. "Apa," alininong'oneza. "Abaayo, dada yangu, apa! Unangoja nini?" Alikuwa na miaka kumi na tisa na aliamini kwamba ukishinda umeshinda. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Zilikuwa kumi na moja. Kamati nyingine haikuwapo. Chuo kilikuwa kimeandika kwamba nafasi isiyochukuliwa hupewa mwingine. Na nyumbani, tangu mwaka uliopita, mwanamume mmoja wa Wajir mwenye maduka na wake wawili alikuwa anatuma salamu za kumtaka mdogo wangu, na wajomba walikuwa wameanza kuzijibu.

Nikakaa chini tena.

"Siapi," nikasema.

Habaryar akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Kwa nini?" akauliza kiongozi. Nadhani hata yeye hakutarajia.

"Kwa sababu niliongeza."

"Sema vizuri, wasikie."

"Televisheni haikusema kalamu. Niliongeza mimi, ili watu wacheke. Namtaka mzee radhi."

Nilisema kwa sauti ileile niliyotumia mlangoni, ile isiyokuwa na mtu. Dalali alitazama chini. Mtu mmoja uani akasema, "Nilijua," na labda aliamini kweli kwamba alijua. Mwenyekiti aliitikia radhi yangu vizuri sana, kwa dua ndefu, akasema vijana hukosea na wazee husamehe. Kisha, pale pale mkekani, akatoa fomu kwenye bahasha, akaitandaza juu ya goti, akatia sahihi. Hakuitikisa kalamu. Wino ulishuka bila shida.

Mbuzi nilimpeleka jioni hiyo. Alikuwa yule mwenye maziwa.

Mdogo wangu hakunisemesha siku kumi. Aliosha glasi, alikunja shuka alizoazimwa, alikwenda kwa chifu na kwa DO akarudi na karatasi ya kungojea kitambulisho, yenye mhuri, ambayo chuo kilikubali. Yote hayo bila neno. Hotelini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jumapili nilisimama mlangoni kama kawaida, na taarifa ya habari ilipoanza nikatafsiri sentensi mbili. Mzee mmoja akageuka. "Hiyo ni yao au ni yako?" Wakacheka. Nikatafsiri nyingine. "Na hiyo?" Baada ya wiki mbili habaryar alianza kuwawekea mpira, maana mpira hauna haja ya mkalimani. Nilirudi kwenye unga. Watu waliokuwa wakiniletea barua za ofisini niwasomee wakaanza kuwapelekea watoto wa sekondari, ambao walisoma nusu na kubahatisha nusu.

Asubuhi ya safari nilimbebea ndoo mpaka kituo cha basi. Kondakta alikuwa anapanga mizigo juu. Hapo ndipo mdogo wangu aliponisemesha.

"Ningekaa nyumbani mwaka mmoja," akasema. "Ningeomba tena mwakani. Ungeapa tu."

"Usingekaa mwaka mmoja. Ungeolewa kabla ya Ramadhani."

"Ningekataa."

"Kama nilivyokataa mimi kuacha shule?"

Akatazama mizigo juu ya basi. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Watu wote wa mji huu wanajua dada yangu ni mwongo. Na mimi ndiye niliyekuwa pale nikasikia. Kule chuoni wakiniuliza nilikipataje kitambulisho, niwaambie nini?"

"Waambie unachotaka," nikasema. "Waambie ukiwa darasani."

Alinipokonya ndoo mkononi, akapanda. Nilizunguka basi nimuage. Alikuwa amekaa upande ule mwingine. Nilipozunguka tena, alikuwa amehama kiti kurudi upande niliotoka, na dereva alikuwa ameshawasha gari.